UZI: Majina ya watoto ya Kijerumani na maana zake halisi

Mwanzisha uzi

Ndugu wanajamvi, salaam. Mara kwa mara huonekana humu mzazi anayeomba apewe orodha ya majina ya Kijerumani kwa ajili ya mtoto anayetarajiwa, ama kwa kuwa mwenzi wake ni Mjerumani, ama kwa kuwa familia inaishi huko, ama kwa kuwa babu alibatizwa misheni na sasa jina lake linatakiwa lirithiwe na mjukuu. Majibu anayopewa hufanana: jina, alama ya usawa, na maana ya maneno mawili au matatu. Friedrich ni "mtawala wa amani", Gertrud ni "mkuki wenye nguvu", Wolfgang ni "mwendo wa mbwa mwitu", basi. Nimeanzisha uzi huu kwa sababu maana za aina hiyo, ingawa si uzushi, humfanya mzazi aamini jambo ambalo waliounda majina hayo hawakulikusudia. Mtoto atalibeba jina maisha yake yote, kwa hiyo ni haki yake mzazi awe amelielewa kabla ya kulitia saini.

Majina ya Kijerumani ya asili, yale yaliyokuwapo kabla Ukristo haujaenea huko, yaliundwa kwa kuunganisha maneno mawili. Maneno yenyewe yalitoka kwenye hazina ambayo haikuwa kubwa sana, na mengi yalihusu vita, silaha, sifa, utawala, wanyama wakali na ulinzi. Kutoka hapo tunapata *fridu*, amani, *rihhi*, mwenye enzi, *ger*, mkuki, *hart*, imara, *beraht*, angavu, *adal*, uungwana, *sigu*, ushindi, *hiltja* na *gund*, ambayo yote mawili ni vita. Friedrich ni amani na enzi. Heinrich ni nyumbani na enzi. Wilhelm ni nia na kofia ya chuma. Ludwig ni sifa na vita. Bernhard ni dubu na imara, Konrad ni jasiri na shauri, Mathilde ni uwezo na vita, Hildegard ni vita na boma.

Jambo la kuzingatia ni kwamba vipande hivyo viwili havikukusudiwa kusomwa kama sentensi. Ushahidi ulio wazi kuliko wote ni jina Hildegund, ambalo ukilitafsiri neno kwa neno unapata "vita-vita". Brunhild nalo ni deraya na vita. Hakuna mzazi aliyekaa akatunga sentensi ya namna hiyo. Vipande vilichukuliwa kwa jamaa, kimoja kwa baba au babu, kingine kwa mama au mjomba, ili jina lenyewe lionyeshe mtoto ametoka wapi. Katika utenzi mmoja wa Kijerumani ulioandikwa karne ya 9, babu anaitwa Heribrand, baba anaitwa Hildebrand na mtoto anaitwa Hadubrand. Vipande vya mbele vinabadilika, jeshi, vita na pambano, lakini vyote vinaanza na sauti ile ile, na kipande cha nyuma hakibadiliki. Aliyesikia majina hayo matatu alijua papo hapo kwamba ni watu wa ukoo mmoja.

Kipande cha pili kilikuwa na kazi nyingine, nayo ni kuonyesha jinsia. Gerhard na Gertrud wanashiriki mkuki ule ule, lakini *-hard* ni ya wanaume na *-trud* ni ya wanawake. Vivyo hivyo *-rich*, *-bert*, *-fried* na *-wolf* ni za wanaume, ilhali *-hild*, *-gund*, *-gard*, *-burg* na *-heid* ni za wanawake. Mzazi anayetaka kumrithisha binti jina la babu yake Siegfried anaweza kufuata desturi hiyo ya kale kwa kuchukua kipande kimoja tu: Sieglinde anabaki na ushindi, na Frieda anabaki na amani.

Maana, kwa hiyo, isomwe kwa vipande, na baada ya hapo iulizwe historia ya jina lenyewe. Nitaendelea kadiri maswali yatakavyokuja.

Mchangiaji kutoka Mwanza

Mkuu, shukrani kwa maelezo. Mama yangu mzazi anaitwa Gertrude na tulikuwa tunaamini ni jina la Kiingereza. Je, ina maana Wajerumani wa enzi za ukoloni ndio waliotuletea? Na kuna majina mengine tunayoyatumia bila kujua asili yake?

Mwanzisha uzi

Ndugu yangu, mpe mama heshima zangu. Jina lake ni la Kijerumani cha kale, lakini njia lililopitia kufika kwetu kwa kawaida si ya maofisa wa Deutsch-Ostafrika, yaani koloni la Wajerumani la Afrika Mashariki, bali ni ya kalenda ya watakatifu. Kulikuwa na Gertrud wa Nivelles katika karne ya 7, na Gertrud wa Helfta, mtawa na mwandishi wa karne ya 13. Wamisionari Wakatoliki wa mataifa mbalimbali walibatiza kwa majina ya watakatifu hao, ndiyo maana jina hilo limeenea hata mahali ambapo Mjerumani hakukaa muda mrefu. Gertrude Mongella, mzaliwa wa Ukerewe aliyesimamia Mkutano wa Wanawake wa Beijing mwaka 1995 na baadaye akawa Rais wa kwanza wa Bunge la Afrika, anabeba mkuki na nguvu ndani ya jina lake.

Orodha ya majina yetu ya asili hiyo ni ndefu kuliko wengi wanavyodhani, kwa sababu mengi yalitufikia kwa sura ya Kiingereza, Kifaransa au Kilatini. William ni Wilhelm. Henry ni Heinrich, Charles ni Karl, Frederick ni Friedrich, Godfrey ni Gottfried. Alice alianza kama Adelheid, akapita Ufaransa akafupishwa huko. Robert ni sifa na mwangaza, Richard ni enzi na uimara, Herman ni mtu wa jeshi. Hata Filbert, jina la mwanariadha wetu Filbert Bayi aliyevunja rekodi ya dunia ya mita 1500 kule Christchurch mwaka 1974, lina *beraht* mwishoni: ni jina la Wafaranki, watu wa kabila la Kijerumani, nalo linamaanisha kung'aa sana. Ukichukua rejista ya ubatizo ya parokia yoyote ya zamani nchini utakuta *-bert*, *-hard* na *-trud* ukurasa hadi ukurasa.

Mchangiaji kutoka Nairobi

Naomba kuuliza. Nina jirani Mjerumani anayeitwa Hans na mke wake anaitwa Grete. Nimetafuta vipande viwili katika majina hayo sikuviona.

Mwanzisha uzi

Hutaviona, ndugu, kwa sababu hayo ni ya tabaka la pili. Kuanzia karibu karne ya 12 na kuendelea, Wajerumani walianza kuyaacha majina yao ya vipande na kuchukua ya Biblia na ya watakatifu, kisha wakayakata hadi yakawa yao kabisa. Hans ni Johannes aliyekatwa kichwa, yaani Yohana wetu. Klaus ni Nikolaus. Jürgen na Jörg wote ni Georg. Jochen ni Joachim. Grete, Gretel na Gretchen ni Margarete, na Elisabeth peke yake amezaa Else, Ilse, Lisa, Liesl na wengine wengi. Mtoto alipewa mara nyingi jina la mtakatifu wa siku ya ubatizo wake: Martin Luther alizaliwa tarehe 10 Novemba 1483, akabatizwa kesho yake, siku ya Mtakatifu Martin, na jina likawa hilo.

Tabaka hizo mbili huweza kukutana ndani ya mtu mmoja. Johann Ludwig Krapf, mmisionari aliyefika Mombasa mwaka 1844 na kuanza kuandika kamusi ya Kiswahili, alikuwa na jina la kwanza la Kiebrania, lenye maana ya neema ya Mungu, na la pili la Kijerumani cha kale, lenye sifa na vita. Mwenzake Johannes Rebmann, aliyeiona theluji ya Kilimanjaro mwaka 1848, alikuwa na la Kiebrania peke yake.

Lipo pia tabaka la tatu, ambalo mimi binafsi nalipenda kuliko yote. Katika karne za 17 na 18, Waprotestanti wacha Mungu wa Ujerumani walirudi kuunda majina kwa maneno ya lugha yao wenyewe, na safari hii yakawa sentensi kweli. Gottlieb ni kumpenda Mungu. Gottlob ni Mungu asifiwe. Traugott ni mtumaini Mungu. Fürchtegott ni mche Mungu, na Leberecht ni ishi kwa haki. Hapa ndipo ile alama ya usawa inaposema kweli yote, kwa kuwa mzazi alikusudia amri au sala, na mtoto aliisikia kila alipoitwa mezani. Mwanamuziki Mozart alibatizwa mjini Salzburg mwaka 1756 kwa jina refu lililokuwa na Theophilus ndani yake. Kijerumani chake ni Gottlieb na Kilatini chake ni Amadeus, jina ambalo dunia imelizoea.

Mchangiaji kutoka Moshi

Kaka, hapo umenigusa. Sisi Walutheri wa huku Uchagani, na ndugu zetu Wapare, tuna Elibariki, Elinami, Elisante na Tumainieli. Sioni tofauti yoyote kati ya Tumainieli na huyo Traugott.

Mwanzisha uzi

Umenena vyema, ndugu. Misheni ya Leipzig iliingia Kilimanjaro mwaka 1893, na majina yenu yenye *Eli* yana umbo lile lile la Traugott na Gottlob: jina la Mungu upande mmoja, kitenzi au tumaini upande wa pili, na sentensi kamili kwa ujumla wake. Kuna tofauti moja inayonisikitisha. Ujerumani leo ni nadra mno kukutana na mtoto anayeitwa Traugott au Fürchtegott, ilhali Elibariki yupo darasani sasa hivi. Mzazi mwenye asili ya Kilimanjaro anayeishi Ujerumani asione haya kumwandikisha mwanawe Elinami. Jina hilo lina ukoo na majina ambayo Wajerumani wenyewe waliwahi kujivunia, na akiulizwa maana anaweza kuieleza kwa dakika moja.

Mchangiaji kutoka Hamburg

Mimi niko huku na mke wangu anatarajia kujifungua. Nimevutiwa na Adolf kwa sababu ya babu yangu wa Songea aliyeitwa hivyo, na maana yake ni nzuri, uungwana na mbwa mwitu. Watu wananikataza. Ninyi mnasemaje?

Mwanzisha uzi

Nami nakukataza, ndugu yangu, na naomba unisikilize. Babu yako hakufanya kosa lolote; alipobatizwa, jina hilo lilikuwa la kawaida na lilikuwa limebebwa na wafalme, maaskofu na mafundi. Lakini tangu mwaka 1945 wazazi wa Ujerumani wameliacha, na mtoto atakayeitwa Adolf katika shule ya Hamburg ataulizwa kila siku jambo ambalo hakulitenda. Ukitaka kumheshimu babu, chukua kipande kama walivyofanya wa kale: Albert ana *adal* ile ile, Wolfgang na Wolfram wana mbwa mwitu yule yule.

Kwa kuwa tumefika hapo, kuna jambo ambalo kila anayeshughulika na majina ya Kijerumani anapaswa kulijua. Tarehe 17 Agosti 1938 serikali ya Wanazi ilitoa amri kwamba Wayahudi ambao majina yao hayakuwamo katika orodha maalumu ya majina ya Kiyahudi waongezewe jina la lazima, wanaume "Israel" na wanawake "Sara", kuanzia Januari 1939. Mtu aliyeitwa Ludwig au Gertrud maisha yake yote, kwa majina ya Kijerumani kama ya jirani yake, aliamka akakuta amepachikwa jina la kumtenga, na lilionekana katika kila hati aliyoshika. Kazi yangu ni kutafsiri nyaraka, na hati za miaka hiyo nimeziona: jina la nyongeza limeandikwa pembeni mwa cheti kwa mwandiko wa karani, na chini yake, kwa tarehe ya baada ya vita, kuna maandishi mengine yanayolifuta. Sara ni jina zuri na leo linatumiwa na watu wa dini zote. Nalitaja kwa sababu ofisi ya vizazi iliwahi kutumiwa kuwadhuru watu, na hilo lazima likumbukwe tunapozungumzia sheria za majina za nchi hiyo.

Mchangiaji kutoka Hamburg

Nimekuelewa, kaka, na nashukuru kwa hilo la Albert. Sasa tuambie hiyo sheria ya leo ikoje.

Mwanzisha uzi

Kuzaliwa kwa mtoto huripotiwa Standesamt, yaani ofisi ya kusajili vizazi, ndoa na vifo, ndani ya wiki moja. Aghalabu hospitali ndiyo hupeleka taarifa, na wazazi hujaza fomu ya jina na kuitia saini. Kama jina halijaamuliwa, lipelekwe ndani ya mwezi mmoja. Hakuna orodha ya lazima ya majina. Kipimo kikuu ni maslahi ya mtoto: jina lisimdhalilishe, na litambulike kuwa ni jina la mtu. Msajili akisita, wazazi wanaweza kuomba maelezo ya kitaalamu, kwa mfano kwa chama cha lugha ya Kijerumani kilichopo Wiesbaden au kwa kitengo cha majina cha Chuo Kikuu cha Leipzig. Majina yetu kama Neema, Baraka na Zawadi hayana sababu ya kukataliwa, ila ni vyema kwenda na maelezo mafupi ya asili na matumizi yake.

Zamani ilishikiliwa kwamba jina lionyeshe jinsia waziwazi. Tarehe 5 Desemba 2008 Mahakama ya Katiba iliamua kesi ya wazazi waliotaka binti yao aitwe Kiran, jina la Kihindi linalotumiwa na wavulana na wasichana, ikasema hakuna sharti la namna hiyo mradi mtoto asidhurike. Uamuzi huo unatuhusu sana sisi, kwa sababu Amani, Baraka na Furaha hawatofautishi jinsia. Kwa mwanamume, Maria limekubaliwa tangu zamani kama jina la nyongeza, kama ilivyo kwa mshairi Rainer Maria Rilke.

Wajerumani wengi wana majina mawili au matatu ya kwanza, na moja huitwa *Rufname*, yaani lile analoitwa kila siku, ambalo si lazima liwe la mwanzo. Tangu Novemba 2018 mtu anaweza kuomba mpangilio wa majina hayo ubadilishwe.

Penye tabu kwa watu wetu ni jina la mwisho. Kwetu mtoto huitwa jina lake, la baba na la babu, na kila kizazi majina husogea. Ujerumani jina la ukoo halisogei. Likishaandikwa linabaki, na vyeti vingi vinavyopita mezani kwangu vina mvutano huo huo, baba akishangaa kwa nini mwanawe amepewa jina la babu na si lake. Mzungumze na msajili mapema, kabla ya kutia saini. Inatia moyo kujua kwamba Wafrisia wa kaskazini mwa Ujerumani walikuwa na desturi kama yetu, jina la baba likiwa jina la mwisho la mtoto, mpaka Napoleon alipoamuru majina ya ukoo ya kudumu mwaka 1811. Sheria mpya iliyoanza tarehe 1 Mei 2025 imewarudishia Wafrisia haki hiyo.

Mchangiaji kutoka Dar es Salaam

Mkuu, tupe na mapendekezo. Siku hizi wenyewe wanapenda yapi, na yanatamkwaje?

Mwanzisha uzi

Dada yangu, utashangaa kwamba yaliyo juu miaka ya karibuni mengi si ya vipande. Noah ndiye Nuhu, Elias ndiye Eliya, Matteo ni Mathayo kwa Kiitaliano, Sophia ni hekima kwa Kigiriki, Emilia ni la Kirumi. Sambamba na hayo yamerudi majina ya mababu: Emma, Ida, Frieda, Karl, Oskar, Anton. Yaliyobaki bila kurudi ni ya kizazi cha kati, kama Horst, Helga, Günther, Renate na Jürgen, na ukimpa mtoto mojawapo watu watamtarajia mzee wa miaka 70. Tahadhari nyingine ni majina ya kigeni yaliyovuma kwa muda mfupi, Kevin akiwa maarufu zaidi. Utafiti wa Chuo Kikuu cha Oldenburg wa mwaka 2009 ulionyesha kwamba walimu wengi wa shule za msingi waliwadhania vibaya watoto wenye majina ya aina hiyo kabla hata ya kuwafahamu. Huo ni uonevu, lakini mzazi aujue.

Chaguo langu kwa mvulana ni Konrad. Jasiri na shauri ni jozi ninayoiona bora kuliko mikuki yote, linasomeka Kiswahili bila kubadilishwa hata herufi moja, na halijachoshwa na mitindo. Kwa msichana ni Frieda, au Adelheid kama familia inapenda jina refu, maana kifupi chake, Heidi, anaweza kuitwa nyumbani. *Heid* hapo ni hali, hivyo vipande ni uungwana na hali.

Kuhusu matamshi, J ya Kijerumani ni Y yetu, kwa hiyo Johannes ni "Yohanes". W husomwa V, na V katika majina ya asili husomwa F, kama Volker anavyoitwa "Folka". *Ei* ni "ai", *ie* ni "i" ndefu, na D ya mwisho hugeuka T. Ukichagua jina lenye ö au ü, pigeni hesabu ya pasipoti mapema, kwa kuwa katika mistari ya chini inayosomwa na mashine Jörg huandikwa JOERG, na baadhi ya ofisi za kwetu huandika Jorg bila nukta. Ombeni hati zote, kuanzia cheti cha kuzaliwa hadi cha ubatizo na pasipoti ya Tanzania, ziandikwe kwa tahajia moja tangu siku ya kwanza, kwani kusahihisha baadaye huhitaji kiapo, tafsiri na ada upande wa nchi zote mbili.